Foromani, Bwana Harusi na Mlegevu

Nikianza na mayai utanielewa upesi. Kila Ijumaa, chumba chetu cha kambi ya wafanyakazi Al Quoz, Dubai, kilikula mayai. Si kwamba tulishindwa kununua kuku. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kula vizuri, siku pekee ambayo basi la kampuni halikuja kutuzoa asubuhi kama mizigo. Vyumba vingine vilipika pilau. Wapakistani wa upande wa pili wa ukuta walikaanga nyama, harufu inakufuata mpaka kitandani. Sisi mayai. Na sababu ya mayai ni mtu mmoja, Foromani wetu, ambaye zamu ya kitoweo cha Ijumaa aliichukua mwenyewe, kwa mdomo wake, hakuna aliyemtuma. Alisema, "Ijumaa msinunue kitu. Ijumaa samaki naleta mimi."

Basi tukasubiri samaki. Nimemsubiri samaki yule mpaka nywele zikaanza kuniaga.

Foromani alikuwa mtu wa Mwanza, mimi wa Singida, na kwa hiyo sisi ni watani. Asiyejua utani nimweleze: mtani anaruhusiwa kukwambia usoni maneno ambayo akiyasema mtu mwingine mnapelekana kwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi nilimwita mla dagaa, yeye akaniita muuza kuku. Nilimwambia amezaliwa akiwa na magamba, akanijibu kwamba huko kwetu tukiona ndoo imejaa maji tunaiita ziwa. Hapo alikuwa na haki kidogo. Mimi shule niliiacha mapema, na samaki nilimjua akiwa mkavu, amekunjwa kwenye gazeti, macho hana. Mambo ya samaki aliye hai nimefundishwa Dubai, mji wa mchanga, na mtu ambaye sikumwona hata mara moja akivua samaki. Hebu fikiria mwalimu wa namna hiyo.

Lakini nisimwonee. Kazini alikuwa mtu mwingine kabisa. Tulifanya kazi kwenye ghala la vigae, yeye ndiye mkuu wa sisi wapakiaji. Lori likiingia, alilitazama mara moja tu, akaelekeza kwa kidevu: makasha haya ya bafuni kushoto, haya ya sebuleni nyuma, yale yaliyovunjika yawekwe pembeni arbab aje ayaone kwa macho yake. Hakurudia neno. Hakuuliza mtu. Arbab mwenyewe, mwenye mali, alikuwa akifika na kanzu yake nyeupe anasimama nyuma ya Foromani na kungoja, kama mtu anayengoja zamu kwa kinyozi.

Siku moja rundo la makasha lilianza kuinama. Mimi nilikuwa nimechuchumaa chini yake nafunga kamba ya kiatu, sina habari. Foromani hakupiga kelele "jamani" wala "angalia". Alinishika ukosi wa shati akanivuta kama mbuzi, na hapo nilipokuwa pakawa vumbi na vipande. Nilipopata sauti nikamuuliza amejuaje.

"Sikujua," akasema. "Ningengoja kujua, sasa hivi tungekuwa tunakukusanya kwa fagio."

Sasa mtu huyohuyo, mwenye mkono mwepesi namna hiyo, umpe samaki wawili wa bandia aseme yupi atangulie majini. Utazeeka.

Hao samaki wawili ndio wenyewe. Alinunua wote wawili katika duka moja la vifaa vya uvuvi kule Al Ras, nyuma ya maduka ya viungo, mahali ambapo wachukuzi wanapita na mikokoteni wakipiga kelele na wewe unabana ukutani na tumbo ndani. Wa kwanza alikuwa mgumu, wa plastiki nzito, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kifundo. Mwili wake umekatwa vipande vitatu na kuunganishwa kwa vyuma vidogo, ukimvuta majini anapinda kushoto, anapinda kulia, kama mtu aliyevaa suti mpya na anataka watu waione. Tumbo la fedha, mgongo wa buluu. Ukiacha kumvuta anaelea. Foromani akamwita Bwana Harusi.

Wa pili alikuwa wa mpira laini, rangi ya matope, mkia mpana kama kisigino cha ndala. Huyu hapindi mwili. Kichwa kimetulia, mkia tu ndio unapiga, tap tap tap, na ukiacha kumvuta anazama taratibu na kulala chini. Ukimshika anateleza mkononi kama andazi bichi. Huyo akamwita Mlegevu.

Kazi yao ni kumdanganya chewa, yule samaki mkubwa wa kwenye miamba ambaye Dubai anaitwa hamuri. Watu wengine wote pale kwenye mawe, mdomoni mwa hori, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, walivua kwa vipande vya ngisi au kamba, wakapata changu wao wadogo, wakarudi nyumbani kula. Foromani hakutaka changu. Alisema samaki mkubwa hainuki kwa kipande, anainuka kwa mlo kamili, na mlo kamili lazima uonekane unaogelea. Hilo sina ubishi nalo. Ubishi wangu ni kwamba mlo wenyewe haukuwahi kuandaliwa.

Muuza duka alikuwa mzee wa Kizanzibari aliyeishi Dubai tangu kabla ya maghorofa, Kiswahili chake kimenyooka, sisi wa bara tukizungumza mbele yake tunaona haya. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda kwenye mawe, Foromani lazima apitie pale. Anawatoa samaki wake mfukoni, anawalaza juu ya kioo cha kaunta, anaanza.

"Mzee, maji ya leo unayaonaje?"

"Maji ni maji, baba. Yana chumvi."

"Yametulia lakini. Yakitulia yanakuwa maangavu, na samaki anaona mbali. Akiona mbali huyu Bwana Harusi anang'aa mno, atashtuka."

"Basi tia huyo wa mpira."

"Wa mpira naye anazama. Kule kuna mawe. Akizama ananasa."

"Basi tia huyo mwengine."

"Si ndiyo nakwambia anang'aa!"

Mzee akanigeukia mimi, akavua miwani. "Huyu mwenzio ana mke?"

"Anaye, Mwanza."

"Alimpataje?" akauliza. "Maana hawa hapa si wachumba, ni plastiki, na mwaka wa ngapi huu posa haijajibiwa."

Mimi nilicheka. Foromani hakucheka. Aliwafunga samaki wake kwenye kitambaa, akasema kwa upole kwamba mzee ni mtu wa bahari, na mtu wa bahari hajui ziwa. Nikamwambia, na wewe uko wapi sasa? Uko ziwani? Akasema, "Maji hayana basi la kuwahi, mtani." Huo ndio ulikuwa usemi wake. Ukimbana kwa lolote, maji hayana basi la kuwahi. Nami nilikuwa na basi la kuwahi kurudi kambini, nina njaa, jua limeshika utosi, na jino langu la nyuma lilikuwa linaniuma miaka ile yote kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi cha chumbani, ambacho Mkenya mmoja wa kitanda cha juu yangu alikuwa hataki kizimwe. Lakini hiyo ni kesi nyingine.

Alikuwa na tabia ya kuomba ushauri. Ushauri aliuomba kwa kila mtu: dereva wa basi, mpishi wa kantini, Wabengali wanaofua. Ukimwambia Bwana Harusi, anakutetea Mlegevu kama wakili. Ukikubali, ukasema haya basi, Mlegevu, anaanza kukuhesabia maovu ya Mlegevu: akiumwa na meno atachanika, fimbo ya kuvulia itahitaji kuwa ngumu zaidi, mkia unapiga polepole. Nilijaribu mara moja kumwambia sijui. Akakasirika. Akasema mtu asiye na msimamo hafai kwenda naye majini.

Jioni nyingine, watu wamerudi kazini na ndoo zao za nguo, unamkuta amesimama kwenye karo refu la kufulia la kambi, amelijaza maji mpaka juu, anawatembeza samaki wake kwa kamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanaume wazima wamepanga foleni nyuma yake, taulo mabegani, wanamtazama.

"Yalla, bhai! Khalas!" wanamlilia amalize atoke.

"Subiri. Tazama huyu anavyogeuka. Umeona? Umeona hapo kwenye kona?"

Na ajabu ni kwamba walitazama. Hata mimi nilitazama. Mlegevu akipita chini ya maji ya sabuni, mkia unapiga, ungeapa ni kitu kilichozaliwa.

Sasa nifike kwenye ndoano, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa.

Samaki wale walinunuliwa na ndoano zao, zile kubwa zenye meno matatu, mbili mbili chini ya tumbo. Siku ya kwanza kabisa, tumefika kwenye mawe, nimebeba mfuko wa kutilia samaki, nimejipanga, Foromani akatoa koleo akazing'oa ndoano zote. Moja moja. Akazifunga kwenye kipande cha gazeti la Kiarabu, akazitia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Kisha akamrusha Bwana Harusi baharini hivyohivyo, mtupu.

Nikamuuliza, unafanya nini?

Akanieleza kwamba kwao ziwani ni desturi. Chombo kipya cha kuvulia hakiwekwi makali siku ya kwanza. Kinazoeshwa maji kwanza. Kinatembezwa bila ndoano mpaka mkono wako ukijue na maji yakijue, ndipo unakifunga makali, na hapo hakikosi. Alisema amefundishwa na baba mkwe wake, mvuvi wa sangara, mtu mzito asiyetania. Mimi nitabisha nini? Sangara kwangu ni jina tu. Nikasema sawa, desturi ni desturi, hata sisi tunazo. Wiki ijayo atafunga ndoano.

Wiki ijayo hakufunga. Alisema mkono bado haujajua. Iliyofuata alisema mkono umejua, lakini hajaamua ndoano azifunge kwa nani, kwa sababu ukimfunga mmoja wa pili ataonekana amekataliwa, na haiwezekani kuwafunga wote wawili kwa kuwa fimbo ni moja. Mkenya wetu wa kitanda cha juu, kijana mlinzi wa jengo la ofisi, alipopata habari hizi alicheka hadi akateremka kitandani.

"Wacha wewe! Budaa anaenda kufish bila hook? Sasa hiyo si fishing, hiyo ni kupeleka toy kuoga."

"Wewe ngoja," Foromani akamwambia. "Siku nikifunga utaniita bwana."

"Siku utafunga mimi ntakuwa nimeretire, budaa. Mayai nipitishie hapo."

Yote hayo yangekuwa mchezo wa wanaume waliochoka na kazi, kama si simu ya mkewe.

Mke wake alikuwa Mwanza na alikuwa akimsubiri. Foromani alipoondoka alimwambia mkataba mmoja tu. Mkataba ukaisha, akatia sahihi wa pili. Wa pili nao ukakaribia mwisho. Siku ile tuko nje ya duka lile la Al Ras, kadi ya simu imekwanguliwa, anaongea naye, nami nimesimama karibu nasikia kila kitu kwa sababu yule mama sauti yake haikuhitaji simu.

"Nijibu, Baba Neema. Unarudi au hurudi?"

Foromani akatazama kulia, akatazama kushoto. Akatazama dirisha la duka, samaki wa plastiki wamening'inizwa. Akasema, "Mama Neema, nimejiwekea nadhiri. Nikimpata hamuri mmoja mkubwa kwa samaki wa bandia, siku hiyohiyo nakata tiketi."

Yule mama ni binti wa wavuvi, amekulia kwenye samaki, nadhiri ya samaki anaielewa. Akasema, "Haya. Basi vua."

Ndivyo ilivyokuwa. Kutoka siku ile, kila Ijumaa mtu yule alikuwa amesimama kwenye mawe na tiketi yake ya kwenda nyumbani ndani ya kopo la maziwa, imefungwa kwenye gazeti, na hataki kuitoa. Mimi nilimwambia wazi, kwa sababu ni mtani wake na nina ruhusa: "Wewe mla dagaa, hutaki kurudi, sema hutaki. Usimsingizie samaki."

Akasema, "Nataka. Ila nataka nirudi na kitu sahihi."

Na nakuapia, nilimwamini. Alikuwa akinunua vitenge vya mkewe kila mwezi, anavikunja, anaviweka sandukuni. Picha ya mkewe ilikuwa ukutani pake, na kabla ya kulala aliigusa pembe kwa kidole kuinyoosha, hata kama haikupinda. Ijumaa asubuhi kanisani, maana Dubai ibada ilikuwa Ijumaa, alimwombea kwa jina. Mtu kama huyo utamwitaje? Angekuwa mlevi au mwenye kimada ningejua pa kumkamatia.

Kisha ikaja ile Ijumaa.

Mkenya naye alikuwa hana zamu, akasema leo anakuja kujionea sinema. Tulifika kwenye mawe mapema kabla jua halijawa kali. Maji yalikuwa yametulia, unaona mpaka chini, mawe na majani yake. Foromani akawatoa wote wawili, akawapima mkononi, akamchagua Bwana Harusi, akabadili mawazo, akamrudia tena. Akamrusha. Bila ndoano, kama kawaida. Kopo liko pembeni ya mguu wangu.

Akaanza kumvuta. Bwana Harusi anakuja, kushoto, kulia, tumbo linang'aa. Na nyuma yake, kwenye kivuli cha mwamba, nikaona kitu ambacho nilidhani ni mwamba mwingine. Kisha mwamba ukasogea.

"Mamaaa," Mkenya akasema kwa sauti ndogo.

Mkubwa! Sikuongezei. Kama begi la msafiri anayehama kabisa. Kahawia, madoadoa, mdomo kama mlango wa banda la kuku. Hakukimbia. Alimfuata Bwana Harusi taratibu kama mtu anayemsindikiza, akafungua mdomo, na Bwana Harusi hayupo. Ameingia mzima, suti na viatu.

Fimbo ikapinda mpaka ikagusa maji. Foromani akapiga ukelele wa Kisukuma ambao sikuwahi kuusikia kwake. Mshipi unalia. Mkenya anarukaruka juu ya mawe, "Vuta, budaa, vuta!" Mimi nimepiga magoti, nimelikumbatia lile kopo la ndoano kifuani, nalia kwa hasira, kwa kuwa mimi najua na Foromani anajua. Hakuna kitu kinachomshika samaki yule isipokuwa hamu yake mwenyewe.

Alishikilia kidogo. Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyekuta mchanga kwenye wali. Kisha akafungua mdomo, akamtema. Bwana Harusi akaibuka juu, tuk, akaelea hapo amelala ubavu. Na yule mkubwa akageuka bila haraka yoyote akarudi kwenye kivuli chake.

Foromani akamvuta samaki wake mpaka mkononi. Rangi ya buluu imekwanguliwa mgongoni, alama za meno mstari mzima. Akazipapasa kwa kidole gumba. Uso wake, nikwambie ukweli, ulikuwa wa furaha. Na nyuma ya furaha kulikuwa na kitu kama cha mtu aliyekoswa na gari.

"Mmeona?" akasema. "Amemchagua Bwana Harusi."

"Tumeona!" nikasema. Tayari nimelifungua kopo, gazeti nimelifungua. "Khalas, mtani, imekwisha! Samaki kakuchagulia mwenyewe. Yuko pale chini, njaa anayo. Funga ndoano. Funga sasa hivi!"

Akaitazama ile ndoano mkononi mwangu. Akaitazama bahari.

"Lakini huyu," akasema, "hakumwona Mlegevu."

Nilivua ndala zangu nikazitupa baharini. Zote mbili. Sijui kwa nini ndala, ndizo zilikuwa karibu. Mkenya alikuwa amekaa chini, amejishika kichwa, hacheki tena. Nilitembea peku juu ya lami ya Deira mchana ule, nyayo zinaungua, na kila hatua nilikuwa namtukana Foromani kwa lugha ya nyumbani kwetu, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa hakinitoshi. Kambini tukala mayai.

Mwezi uleule akatia sahihi mkataba mwingine. Mkewe alipopiga alimwambia kweli tupu: kwamba hamuri amekuja, amemshika, amemwachia. Hakumwambia habari ya ndoano. Mimi nilikuwa hapo. Nilifungua mdomo nikaufunga, maana utani una mpaka, na mpaka wake ni kitanda cha mtu.

Miaka ikapita hivyo. Mgongo wake ukachoka na vigae, akaacha ghala, akapata kazi ya ulinzi wa mlango kwenye jengo moja refu la kupanga kule Al Nahda, karibu kabisa na mpaka wa Sharjah. Mkenya alirudi kwao. Mzee wa duka akawaachia wanawe. Nami visa yangu ikafika mwisho, nikasema inatosha, narudi kwa kuku wangu.

Kabla sijaondoka simu yangu ikalia. Mama Neema.

"Shemeji, nasikia unarudi."

"Narudi, shemeji."

"Pita kwake. Mwambie nataka jibu moja, anarudi au harudi. Nimechoka kuulizia hali ya samaki. Na wewe uniletee hilo jibu kwa mkono wako, sitaki la simu. Nauli ya Singida kuja Mwanza nitakutumia."

Nikamwambia nauli ninayo.

Nilikwenda Al Nahda siku ya safari yenyewe, alasiri, masanduku yako kwenye teksi, nimemwomba dereva angoje. Nikamkuta Foromani ameketi nyuma ya meza pale chini ya jengo, shati la sare, funguo za wapangaji zimepangwa mbele yake. Mvi zimejaa. Mwanamke mmoja akapita anauliza kifurushi chake, na kabla hajamaliza kusema Foromani amekwisha kukinyanyua. Nikasema moyoni, bado yuleyule. Kwa vitu vya watu mkono wake mwepesi.

Nikampa ujumbe wa mkewe, neno kwa neno. Sikuongeza utani.

Akazisogeza funguo zikanyooka.

"Una muda gani?"

"Teksi iko nje inahesabu."

"Nitampelekea kitu kwa mkono wako," akasema. "Akikiona ataelewa."

Nikadakia, "Yupi? Bwana Harusi?"

"Ngoja hapohapo."

Akaingia kwenye kachumba kake nyuma ya ngazi. Nikangoja. Nilimsikia anafungua sanduku, analifunga, analifungua. Dereva akaja mlangoni, "Sadiki, traffic Sharjah, yalla!" Nikamwambia subiri, leo mtu anaamua jambo. Dereva akanitazama kama mwendawazimu. Nilikuwa nimekwisha kata shauri: akitoka na mmoja tu kati ya wale samaki, yeyote, amechagua, na mwenye kuchagua anarudi. Nilikuwa natabasamu peke yangu kama mjinga.

Akatoka na kifurushi kidogo, kimefungwa kwa kamba ya mshipi. Akanitia mkononi, akanifumba vidole juu yake, akanishika begani. "Safari njema, muuza kuku."

"Mla dagaa wewe," nikasema, nikaingia kwenye teksi.

Kwenye taa za kwanza nikakitazama vizuri. Kilikuwa kidogo mno kuwa Bwana Harusi, kigumu mno kuwa Mlegevu. Gazeti lilikuwa la Kiarabu, limekuwa la manjano. Sikuhitaji kufungua lakini nilifungua. Ndoano. Zote, za samaki wote wawili.

Nikampigia simu palepale. "Foromani, umekosea! Umenipa ndoano, umesahau samaki!"

"Sijasahau," akasema. Simu ikakatika.

Mwanza nilifika nimechoka, na maneno niliyoyapanga njiani yote yamenitoroka. Mama Neema alinikaribisha kwenye kiti kizuri. Nyumba iko mteremkoni, majani ya mgomba dirishani. Nikampa kifurushi kwa mikono miwili. Akakifungua juu ya magoti yake. Akachukua ndoano moja, akaikwaruza ncha kwenye ukucha wa kidole gumba, namna wanavyopima watu wa ziwani.

"Kali bado," akasema. "Hii haijagusa samaki."

Basi nikamwambia yote. Mawe, karo la kufulia, yule mkubwa aliyemeza na kutema. Nikamtetea hata, nikasema ni ile desturi yenu, ya baba yako, ya kuzoesha chombo maji bila makali.

"Desturi gani?"

Nikamweleza tena.

Akanitazama kwa huruma, na ilikuwa huruma juu yangu mimi. "Shemeji, kwetu ndoano inafungwa ndani ya nyumba, kabla hujashika njia ya ziwani. Baba angemsikia mtu anarusha chambo bila ndoano angemfukuza ufukweni. Hakuna kitu kama hicho."

Miaka yote ile ya mayai.

Yeye akazikunja ndoano kwenye gazeti lake, pembe kwa pembe, akafunga kamba. "Basi," akasema. "Kumbe alikwisha amua zamani kutorudi. Alikuwa anaogopa tu kunitumia jibu."

Akainuka, akaenda jikoni. Nikasikia sufuria. Aliporudi alikuwa na sinia la ugali na samaki, sangara mkubwa wa mchuzi, amejaa sinia zima, na kichwa, ambacho anapewa mwenye nyumba, akakigeuza upande wangu.

"Kula, shemeji. Umetoka mbali."

Nikanawa, nikala. Alikuwa mtamu, sijapata kula samaki mtamu kama yule. Na kila tonge nililomeza nilimlaani Foromani, kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili, mpaka nikamaliza kichwa.